Hamira mbili chombo kimoja: yanayosemwa na yanayotokea

"Tia hamira mbili nusu kwa nusu, upate ladha nusu kwa nusu." Ndivyo wengi wanaopika bia nyumbani wanavyodhani. Hamira si rangi za ukutani. Inayozaliana upesi huiwahi sukari, mwenzake akabaki msindikizaji. Tena ile harufu ya ndizi au karafuu hutengenezwa zaidi siku mbili tatu za mwanzo, hamira inapozaliana. Ukiitaka, hamira yake iwe ya kwanza kuingia. Ukiitia siku ya tano, itakumalizia sukari tu.

Dhana ninayoichukia zaidi ni hii: ongeza hamira ya mvinyo, bia iwe kali. Ni kweli hamira hizo huvumilia kilevi, nyingine hadi asilimia 18. Lakini kuvumilia kilevi si kula sukari yote. Zabibu zina sukari za glukosi na fruktosi. Kimea, nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia, kina sukari za maltosi na maltotriosi, na hiyo maltotriosi hamira nyingi za mvinyo haziiwezi. Kibaya zaidi, baadhi yake hutoa sumu inayoua hamira wenzake, na nyingi za bia hazina kinga. (Mnywaji asiogope, haimdhuru.) Basi umezitia pamoja siku ya kwanza: za bia zinakufa, za mvinyo zinashiba mapema, haidromita (kipimo kinachoshuka kadiri sukari inavyoliwa) inagoma kwenye 1.030, na bia ni tamu kama sharubati. Hamira ya mvinyo ngoja uitie wakati wa kufunga chupa, kwa ajili ya gesi.

Wapo wanaosema kuchanganya ni uchafu. Hamira safi ya aina moja ilianza kutumika kiwandani 1883, baada ya mwanasayansi Emil Christian Hansen kuitenga katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, Denmark. Kabla ya hapo watu walikunywa mchanganyiko, wakaufurahia.

Na masimbi ya hamira yanayobaki chini ya chombo, ukiyatumia tena? Uwiano umeshabadilika, usitegemee bia ileile.

Pa kuogopa kwelikweli ni hamira za kundi la diastatikasi. Hizi zina kimeng'enya kinachokatakata dekstrini, sukari ambazo hamira za kawaida huziacha. Leo haidromita inasoma 1.012, unafunga chupa. Wiki kadhaa baadaye, humo ndani imeshuka hadi 1.004 na gesi haina pa kutokea. Chupa hupasuka kabatini, vigae vikaruka. Nikichanganya hizo, napima kila wiki, na sigusi vizibo mpaka vipimo vitatu vilingane.