Miti ya Monet kwenye mwanga wa kusini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Husemwa kwamba mchoraji akishafika pwani ya Mediterania kazi yake imerahisika: jua lipo, rangi zimeiva zenyewe, kilichobaki ni kuchovya brashi. Barua za Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa, zinasema vingine. Januari 1884 alikwenda Bordighera, Italia, akipanga kukaa wiki chache tu. Akakaa hadi Aprili, na muda wote alilalamika kwamba mitende inamtia wazimu. Kwa mwanga ule, aliandika, mtu angehitaji paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) ya almasi na vito.

Kosa liko katika kudhani kwamba jua kali hukoleza rangi. Jua la mchana huzipausha. Jani linalopigwa na jua moja kwa moja huelekea weupe, na rangi hasa lazima uitafute pembeni, pale mwanga unapoanza kupungua. Ndiyo maana ile ya “kivuli ni cheusi” nayo haisimami. Chini ya mti jua limezibwa, lakini anga halijazibwa: buluu yake inaingia kivulini, na pwani bahari na mchanga huongeza mwanga wao kutoka chini. Kivuli hicho ukikipaka nyeusi, umetoboa shimo kwenye picha.

Halafu kuna mzeituni, ambao kwangu ndio mtihani wenyewe. Atakayekuambia ni mti wa kijani hajausogelea. Chukua jani moja: juu ni kijani kilichokoza, linang'aa, ligeuze, na chini limefunikwa na vinyweleo vidogo mno vinavyolifanya lionekane kama fedha. Sasa upepo ukipita, maelfu ya majani hujigeuza kwa pamoja na mti mzima hubadilika rangi brashi ikiwa bado mkononi. Kijani cha aina moja hakiwezi kuubeba. Unahitaji kijivu, nyeupe, buluu kidogo, hata waridi. Renoir, mchoraji mwenzake Monet, aliipenda mizeituni kiasi cha kununua shamba la Les Collettes huko Cagnes, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1907, miti yake mizee isije ikakatwa.

Wapo pia wanaodhani picha hizi zilimalizwa kwa kikao kimoja, mchoraji akinasa alichokiona na kufunga virago. Monet alifanyia kazi picha kadhaa sambamba: mwanga ukibadilika, anaweka hii chini na kushika nyingine, kisha anarudi kwenye ile ya kwanza saa yake ikifika siku nyingine. Nyingi alizikamilisha nyumbani Giverny, mbali kabisa na bahari ile. Itazame picha yake “Antibes” ya 1888, iliyoko kwenye jumba la sanaa la Courtauld, London: msonobari mmoja umeinamia maji, na ndani ya majani yake kuna miguso myekundu na ya machungwa iliyopangwa ili ibishane na buluu ya bahari. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekaa akafikiri.

Na wale wanaosema siri ilikuwa rangi mpya za viwandani? Zilisaidia, sikatai. Tyubu ya bati ilibuniwa na John Goffe Rand mwaka 1841, ikawawezesha wachoraji kubeba rangi za mafuta hadi ufukweni. Lakini tyubu hizo hizo ziliuzwa kwa kila mtu, wakiwamo walioendelea kupaka vivuli vya kahawia.