Je, wajua kwa nini kiti cha kromu huota kutu ilhali kromu haina kutu?

Anayekarabati nyumbani kiti cha zamani cha mabomba ya chuma yaliyopakwa kromu, metali inayong'aa, chenye kikalio cha plastiki ya vinili kama vile vilivyojaa jikoni mwa nyumba za Marekani miaka ya 1950, hukutana kwanza na madoa ya hudhurungi miguuni, mengine hayafiki upana wa milimita moja. Wengi huamini kwamba kromu imeshika kutu, wakachukua msasa na kuikwangua. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo iliyoharibu viti vingi ambavyo vingepona.

Kutu huzaliwa na chuma, maji na oksijeni. Kromu ikikutana na hewa hujifunika utando wa oksidi yake, na utando huo ukikwaruzwa hujirudia wenyewe. Lakini kromu ya fanicha kwa kawaida haifikii unene wa mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), nayo imelazwa juu ya tabaka la metali ya nikeli lililo nene zaidi, ambayo ndiyo hasa inayozuia maji. Palipo na kitundu kilichopenya tabaka zote mbili, unyevu hukifikia chuma.

Hapo ndipo penye ajabu. Metali mbili zinapogusana ndani ya unyevu, ile inayoachia elektroni kwa wepesi zaidi ndiyo inayoliwa. Kwenye bati la paa, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, zinki huliwa kwanza na chuma hupona. Kwenye kiti ni kinyume, kwa kuwa chuma ndicho kinachoangamia na nikeli ikasalimika. Isitoshe, eneo linalong'aa ni kubwa na chuma kilicho wazi ni nukta tu, hivyo uharibifu wote hulundikana hapo, kama mvua ya paa zima inavyokusanywa na mfereji mmoja ikaanguka mahali pamoja na kuchimba shimo. Kwa hiyo kiti huweza kumetameta kote huku kikitoboka upande mmoja.

Karatasi ya alumini ya kufungia chakula, ikiloweshwa maji, huondoa kutu iliyotapakaa juu bila kuikwaruza kromu, kwa sababu alumini ni laini kuliko kromu. Wapo wanaosema kwamba alumini huinyang'anya kutu oksijeni. Hata hivyo, msuguano peke yake unatosha kueleza matokeo hayo. Kiti kikikauka kipakwe nta, maana vitundu bado vipo. Kofia za mpira za miguuni nazo zivuliwe, kwani hutunza maji ya kudekia, na ndani ya bomba kromu huwa haikufika vizuri.

Vinili ina kisa chake kifupi: ni PVC ileile ya mabomba ya maji, iliyolegezwa kwa vilainishi ambavyo hutoroka kadiri miaka inavyopita. Sabuni isiyo kali yatosha kuisafisha. Thina huharakisha ukakamavu, na iliyokwisha kupasuka ni ya kubadilishwa.

Palipobanduka kromu, hakuna king'arishio kitakachoirudisha. Kiti kinahitaji kupakwa kromu upya kwa kuchovywa, kazi ya karakana yenye vifaa vya kinga, kwa sababu kromu ya valensi sita, aina ya kromu yenye sumu inayotumika katika machovyo mengi, husababisha saratani.