Yuko Kazini, Lakini Hajiwezi

Kabla jua halijachomoza, njia zinazotoka mtaa wa Mukuru, Nairobi, kuelekea Enterprise Road hujaa watu wanaotembea kwenda viwandani. Miongoni mwao huwamo anayetetemeka kwa homa. Usiku hakulala, ila anakwenda, maana ni kibarua na siku asiyofika haina malipo. Ikifika saa mbili jina lake limeshatiwa alama daftarini, na mwajiri anaridhika kwamba watu wametimia.

Hapo ndipo hesabu inapopotea. Sisi wa afya kazini tukiingia kiwandani huonyeshwa daftari la mahudhurio kama ushahidi kwamba wafanyakazi ni wazima. Daftari halionyeshi kitambaa kilichokatwa upogo, katoni zilizobandikwa lebo isiyo yake, wala kidole kilichoponea chupuchupu kwenye mashine kwa sababu mwenyewe alikuwa akisinzia. Aliyebaki nyumbani, pengo lake linaonekana na msimamizi hupanga mtu mwingine. Aliyekuja mgonjwa hakuna anayemshikia kazi, na akikohoa siku nzima katika chumba kisichopitisha hewa, wiki ijayo wagonjwa watakuwa watatu. Kwa maoni yangu huyu ndiye anayemgharimu mwajiri zaidi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Vibarua wengi huamini haki hii haiwahusu. Inaweza kuwahusu: sheria hiyo hiyo inataka kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi siku zake zikatimia mwezi asiendelee kuchukuliwa kama wa kutwa, na akifikisha miezi 2 astahili masharti ya waajiriwa wengine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimekuta watu waliomaliza miaka wakiitwa vibarua.

Kuna pia uchovu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki anakabiliwa na hatari ya kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Mlinzi wa zamu za saa 12, siku 6 kwa wiki, tayari ana saa 72, na hapo hatujagusa foleni ya matatu ya kurudi Kayole. Msongo wa mawazo nao haupimwi kwa kipimajoto, ila mashirika hayo yanakadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Nikikutana na wanakamati, msimamizi akiwa ametoka, huanza kwa kuwauliza: mtu akiamka mgonjwa humpigia nani simu, na huyo humjibu nini?