Sauti Imepotea? Itafute Ilikokwenda Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta za mezani ninazoletewa hapa Ngamiani, Tanga, kwamba "kadi ya sauti imeungua", nyingi kadi zake ni nzima. Sauti inatoka, ila imeelekezwa kwingine. Kwa hiyo mteja akiniambia ameshashauriwa apige Windows upya, humwomba asubiri kwanza.

Anza na spika, maana kuzipima ni bure. Chomoa waya wa sabufa kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu. Ikinyamaza hata huko, kompyuta haina kosa. Sabufa hizi za rimoti zikibaki kwenye bluetooth au redio, mtu anahangaika na setingi kutwa nzima kumbe kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe cha AUX tu. Ikilia kwenye simu, tazama nyuma ya kompyuta: tundu la kijani ni la kutolea sauti, la waridi ni la maiki, la bluu ni la kuingizia sauti kutoka chombo kingine. Rangi hizo ndizo zinazofuatwa na mashine nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sasa njoo kwenye setingi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, piga Enter. Itafunguka orodha ya kila chombo kinachoweza kutoa sauti. Cheza wimbo wowote, halafu tazama vijistari vya kijani pembeni ya kila jina. Mimi naviamini vijistari hivyo kuliko maelezo ya mtu yeyote. Vikipanda na kushuka kwenye jina la monita, basi sauti inapita kwenye waya wa HDMI kwenda kwenye kioo ambacho pengine hakina spika kabisa. Hutokea sana mtu akiachana na monita ya VGA, ambayo waya wake haubebi sauti, akafunga ya HDMI: Windows inaweza kuichagua hiyo mpya bila kumuuliza mwenyewe. Bofya jina la spika, bonyeza "Set Default", kazi imekwisha. Jina la spika lisipoonekana, bofya mahali patupu kwa kitufe cha kulia cha mausi, weka tiki kwenye "Show Disabled Devices". Huenda mtu aliizima.

Vijistari vikicheza kwenye spika na bado kimya, acha setingi, shika waya na matundu. Na hapa mji wetu una lake: chumvi ya bahari. Tundu la hedifoni la mbele lina kiswichi kidogo kinachoiambia kadi kwamba hedifoni imechomekwa. Kikishika kutu kikaganda, kompyuta inaamini umevaa hedifoni, inazima spika za nyuma. Utakijua kwa sababu ukichomeka na kuchomoa hedifoni sauti hurudi, halafu hupotea tena. Kwa mashine inayotoka Raskazone, dirisha linatazama baharini, hapo ndipo ninapoanzia. Zima, chomoa umeme, safisha tundu kwa spiriti kidogo kwenye kijiti chembamba chenye pamba, acha likauke. Likikataa, fungua kasha uchomoe kwenye madhabodi (bodi kuu ya ndani) ile plagi ya matundu ya mbele, yenye nafasi 10 za pini na moja imezibwa. Utakosa tundu la mbele, lakini spika za nyuma zitalia.

Maiki isiyosikika mara nyingi ni hedifoni ya simu. Hesabu pete nyeusi kwenye pini yake: tatu maana yake maiki na spika vimo kwenye pini moja, na mashine yenye tundu la kijani na la waridi mbalimbali inahitaji kigawanyi, yaani waya mfupi unaotenganisha maiki na spika.

Draiva, yaani programu zinazoiwezesha Windows kutumia kifaa, nazigusa mwishoni. Bonyeza tena Windows na R, andika devmgmt.msc, ukiona alama ya njano kwenye kifaa cha sauti, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine au madhabodi. Vile vifurushi vya draiva vinavyozunguka kwenye flashi sivitaki dukani kwangu, vinakuja na wageni wengine.

Kadi isipoonekana popote, na kwenye BIOS (setingi za mashine zinazofunguliwa kabla Windows haijawaka) sauti imewashwa, hapo nunua kadi ndogo ya USB. Nyingi Windows inazitambua bila draiva. Ukishaichomeka, hakikisha kwenye mmsys.cpl kwamba ndiyo iliyochaguliwa.