Rangi ya kijani kwenye simu haipimi hatari ya saratani

Tangu vipimo vya hewa vianze kuonekana kwenye simu, maswali yanayofika mezani kwetu, sisi tunaopima hewa na kupokea malalamiko ya moshi, yamebadilika. Zamani watu walilalamikia moshi wanaouona. Siku hizi wanalalamikia rangi: jana ilikuwa nyekundu, je, tutapata saratani? Leo ni kijani, basi tuko salama? Waulizaji wana nia njema, lakini jibu wanalolitafuta halimo kwenye rangi hizo.

Rangi hizo zimewekwa ili mwenye pumu au maradhi ya moyo ajue kama leo apunguze mazoezi ya nje. Zinahusu saa na siku. Hatari ya saratani hufuata wastani wa miaka. Katika kipimo kinachotumika Marekani, kilichorekebishwa mwaka 2024, kijani huishia kwenye mikrogramu 9 za chembechembe za PM2.5, yaani zile ndogo mno zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5. Mwongozo wa 2005 ulikuwa 10. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa siku 365 kwenye mikrogramu 8, asione hata siku moja ya njano, rangi inayofuata kijani, na bado awe amevuka mwongozo wa mwaka. Kinyume chake, wiki moja ya moshi mzito inaweza kumlaza mgonjwa wa pumu hospitalini, ila mchango wake kwenye wastani wa miaka 20 ni mdogo. Sisemi siku mbaya zipuuzwe. Nasema zinapimwa kwa sababu nyingine.

Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la WHO lenye makao Lyon, liliuweka uchafuzi wa hewa ya nje katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani. Chembechembe za hewani nazo, zikitajwa peke yake, zilipewa daraja hilohilo. Moshi wa dizeli ulikuwa umetangulia mwaka 2012. Saratani inayohusishwa kwa uhakika ni ya mapafu. Kwa ile ya kibofu cha mkojo ushahidi upo lakini ni mwepesi zaidi.

Kwa kuwa sigara nayo imo katika Kundi la 1, kila baada ya muda unazunguka ujumbe kwamba kupumua mjini ni sawa na kuvuta sigara. Tumeshalijibu hili mara nyingi mno. Kundi linaeleza uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Mvutaji ana hatari ya saratani ya mapafu mara 15 hadi 30 ya asiyevuta. Kwa hewa, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kila ongezeko la mikrogramu 10 za PM2.5 likiambatana na ongezeko la takriban 9% la hatari hiyo. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Lakini hewa haichagui mvutaji, na asilimia ndogo ikigawiwa kwa kila anayepumua hujaza wodi: vifo vya saratani ya mapafu vilivyotokana na hewa chafu duniani mwaka 2010 vilikadiriwa kuwa 223,000. Na wapo wanaotumia hoja hii kuendelea na sigara, eti hewa yenyewe imeshaharibika. Hatari hizo mbili hujumlishana. Moja haifuti nyingine.

Kwa nini basi anaugua mtu ambaye hajawahi kuvuta? Maelezo ya zamani ni kwamba masizi hubeba kemikali kama benzopirini zinazoharibu vinasaba vya seli. Hayo bado ni kweli. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na wale wa Taasisi ya Francis Crick ya London waliongeza jambo zito. Walichunguza tishu za mapafu zisizo na saratani kutoka kwa watu 295 na kukuta 18% zina seli zenye hitilafu kwenye kinasaba cha EGFR, na 53% kwenye KRAS, hitilafu zilezile zinazoonekana kwenye saratani ya mapafu. Seli hizo zinaweza kukaa kimya. Chembechembe zikiingia, seli za kinga huja kuzishughulikia na kutoa kiashiria kiitwacho interlukini-1 beta, nacho huzichochea zile zenye hitilafu zianze kukua. Chembechembe hazikuleta hitilafu hapo, zimeiamsha. Ndiyo maana vinywaji vinavyouzwa kama vya kusafisha mapafu havina kazi hapa. Kinachonywewa huenda tumboni.

Sasa utaratibu, kwa sababu tunatuhumiwa kuchelewesha takwimu. Kipimo cha rejea, yaani kile ambacho vingine hulinganishwa nacho, ni karatasi ya kuchujia inayopimwa uzito. Kabla ya kutumika, hukaa kwenye chumba cha nyuzi joto 20 na unyevu wa 45 hadi 50% kwa angalau saa 48, ndipo ipimwe. Baada ya kuvutiwa hewa kwa saa 24 hurudishwa chumbani, ikae tena, ipimwe tena. Unyevu ukipanda, karatasi hunenepa kwa maji, na namba inakuwa ya maji. Kihisio cha bei nafuu ulichofunga dirishani kinahesabu mwanga unaotawanywa na chembe. Ni kizuri kuonyesha mwelekeo, ila ukungu hukidanganya. Hatukatai takwimu zako. Tunakataa kumfikisha mtu mahakamani nazo.

Kuhusu adhabu: kwa kawaida mtoa moshi huadhibiwa kwa kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye kibali chake, si kwa ugonjwa wa jirani. Hatua huanza na ukaguzi, hufuata notisi yenye muda wa kurekebisha, kisha faini, kisha kusimamishwa kazi au mashtaka. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: agizo lake la 2024 linashusha kiwango cha PM2.5 kwa mwaka kutoka mikrogramu 25 hadi 10 ifikapo 2030, na linampa aliyedhurika haki ya kudai fidia pale sheria ilipovunjwa kwa makusudi au uzembe. Hata huko, daktari hawezi kuangalia uvimbe mmoja na kusema umetoka kwenye bomba lipi. Tunawapa pole wanaotuletea vyeti vya hospitali, lakini tamko hilo hatuwezi kuliandika.

Tunachoweza kukifanyia kazi ni lalamiko lenye tarehe, saa ya kuanza na kuisha, upande upepo unakotoka, rangi na harufu ya moshi, na picha inayoonyesha chanzo, likirudiwa kwa wiki kadhaa. Upepo ndio watu wengi husahau, nao ndio mkaguzi huanza nao.