Serotonini yako haijaisha

Nani kakupima? Ndo swali langu la kwanza siku hizi mtu akija kliniki akaniambia "dokta mi naogopa watu kwa sababu serotonini yangu iko chini", yaani ile kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo, maana ubongo sio tenki useme tunachungulia geji tunajaza, na hakuna kipimo cha damu cha kukuonyesha serotonini ya kichwani iko ngapi. Tena mwaka 2015 watafiti wa Uppsala, Uswidi, waliskani watu wenye hofu ya kijamii, ndo huko kuogopa watu, wakakuta kinyume kabisa, kwenye amigdala, yaani kale kasehemu kanakopiga king'ora cha hatari, walikuwa wanatengeneza serotonini nyingi kuliko wenzao. Nyingi!

Sijasema dawa za SSRI, zile zinazogusa serotonini, ni uongo. Zinasaidia wengi, na usiache zako kienyeji kisa umenisoma mimi. Ila nafuu inachukua wiki kadhaa, ingekuwa ni kujaza tu si ungepona jioni ile ile? Hukohuko Uppsala, 2002, walipima ubongo wa watu wakiwa wanahutubia, kabla na baada ya tiba, wengine walipewa citalopram, mojawapo ya hizo SSRI, wengine tiba ya kisaikolojia ya kikundi, na waliopata nafuu amigdala ilitulia kwa njia zote mbili. Lakini nikikupa mazoezi, ya tiba hiyo ya kisaikolojia, unaona nakupotezea muda.

Zoezi langu nalolipenda: kwenye daladala sema "shusha" mwenyewe. Wapo wanaopitilizwa kituo wakisubiri abiria mwingine aseme, halafu wanarudi kwa miguu juani. Kila ukikwepa unapata ahueni ya papo hapo na ubongo unaandika kwamba kukwepa ndo kumekuokoa, kesho hofu iko palepale. Sema, sauti itetemeke, uone kama kuna hata mmoja kageuka.

Wazazi husema, "Mtoto mpole tu huyo, atakua." Mara nyingi hii hofu huanza umri wa balehe na bila msaada inaweza kukaa miaka na miaka.

Wengine husema, "Bia mbili zinaniweka sawa." Kwa masaa, ndio. Ikiisha kichwani wasiwasi unarudi umepanda, na hujajifunza chochote.

Propranolol, kile kidonge cha moyo na presha? Inapunguza moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka siku ya presentesheni, basi, mawazo ya "watanicheka" haiyagusi. Na mwenye pumu asithubutu kuomba kidonge cha rafiki yake, wengi hawaulizi kabisa kama ni salama kwao.