Gemu za utotoni kwenye emyuleta: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Watu wakianza tu kuongelea kurudia gemu za zamani kwenye simu au kompyuta, maneno ni yaleyale, na mimi yananiuma kwa sababu wengi wanajaribu siku moja, wanasema "mbona sio kama zamani", wanafuta kila kitu, kumbe shida ilikuwa setingi mbili tatu au wamefungua toleo ambalo hawajawahi kulicheza.

"Emyuleta ni kinyume cha sheria"

Hapana. Emyuleta ni programu inayoiga vifaa vya mashine ya zamani, prosesa yake, chipu ya picha na chipu ya sauti. Marekani jambo hili lilishafika mahakamani, Sony waliwashtaki Connectix waliotengeneza programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye kompyuta za Mac, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema kuichunguza mashine ya mwenzio ili utengeneze yako inayofanya kazi ileile ni halali. Na tangu Aprili 2024 hata Apple wanaruhusu emyuleta za gemu za zamani kwenye App Store.

Chenye mwenyewe ni romu, yaani faili la gemu. Ile habari ya kwamba ukidaunlodi romu ukaifuta ndani ya saa 24 uko salama haipo kwenye sheria, ni maneno yaliyobandikwa kwenye tovuti za romu watu wakayameza. Na uzee wa gemu hauifanyi iwe ya bure, Pac-Man ni ya 1980 na kwa sheria ya Marekani kazi ya kampuni inalindwa miaka 95, kwa hiyo piga hesabu mpaka mwisho wa 2075. Ninachokiona sio haki ni kwamba utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani haziuzwi tena popote kwa njia rasmi, sasa hata mtu mwenye hela yake mkononi anainunua wapi?

"Gemu ya akedi na ya konsoli ni ileile"

Hapa ndo wengi wanapotea. Akedi ni yale makabati ya gemu ya kutumbukiza sarafu, konsoli ni ile mashine ya kuchomeka kwenye tivii nyumbani. Donkey Kong ya akedi ya 1981 ina steji nne, ila ilipoingia kwenye konsoli ya Nintendo steji moja ilikatwa, ile ya mikanda inayobeba saruji, ikabaki na tatu. Kwa hiyo kama ulicheza ya kaseti halafu leo unafungua ya akedi kwenye MAME, emyuleta ya gemu za akedi, utaona vitu vigeni kabisa, na sio kwamba umesahau. Pac-Man ya Atari 2600 ndo usiseme, njia tofauti, sauti tofauti, vizuka vinawakawaka. Kabla ya kulaumu chochote jiulize ulicheza kwenye mashine gani, utafute toleo hilohilo.

"Vitu vikiwakawaka au gemu ikibadilika spidi, emyuleta ni mbovu"

Mara nyingi ni kinyume, emyuleta inafanya kazi yake vizuri mno. NES, ile konsoli ya Nintendo, ilikuwa na uwezo wa kuchora vipande 8 tu vya vikaragosi kwenye mstari mmoja wa skrini, vikizidi vingine havionekani, ndo maana watengenezaji walikuwa wanavibadilisha zamu kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, ili kisipotee kimoja moja kwa moja, na wewe unaona vinamemeteka. Ilikuwa hivyohivyo tangu mwanzo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Space Invaders ya 1978. Wavamizi wako 55 na mashine inasogeza mmoja tu kwa kila fremu, fremu ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo kundi zima likiwa hai linachukua karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Kadiri unavyowaua zamu inazunguka haraka, na akibaki mmoja anasogea kila fremu, ndo ile mbio ya mwisho inayokutoa jasho. Hakuna aliyeandika "ongeza spidi hapa", ilijitokeza yenyewe na mbunifu wake Tomohiro Nishikado akaiacha. Emyuleta haijaongeza kitu, inaendesha programu ileile.

Ila spidi inaweza kweli kutofautiana na kumbukumbu yako, kwa sababu tivii za mfumo wa PAL, kama za Ulaya, zilitumia Hz 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na za mfumo wa NTSC, kama za Marekani, Hz 60. Sonic ya kwanza kwenye Mega Drive, konsoli ya Sega, ya PAL ilikuwa inaenda polepole zaidi, muziki nao vilevile. Sasa aliyekua na ile akifungua romu ya Marekani anadhani imekimbizwa, kumbe ndo spidi yake halisi. Tafuta setingi ya eneo, badilisha, utaisikia tofauti papo hapo.

"Picha zilikuwa za vibokisi"

Kwenye tivii ya kichogo hazikuwa hivyo. Maporomoko ya maji kwenye Sonic yalichorwa kwa mistari inayopishana, na waya wa video wa siku zile uliichanganya mpaka maji yakaonekana yanapitisha mwanga. Kwenye skrini ya leo unaona mistari mitupu. Washa sheda ya CRT, yaani kichujio kinachoiga picha ya tivii ya kichogo, weka uwiano wa picha wa 4:3, tafadhali usiivute ijaze skrini yote.

"Zamani gemu zilikuwa ngumu kuliko hizi"

Inategemea mwenye mashine aliisetije. Ndani ya Pac-Man ya akedi kulikuwa na swichi ndogo za kuchagua uhai 1, 2, 3 au 5, na pointi za kupata uhai wa ziada. Kwenye MAME bonyeza Tab, swichi hizo zote zipo.

Ukiona bado unakufa kijinga, angalia kuchelewa kwa batani, maana tivii za leo zinachakata picha kwanza kabla ya kuionyesha. Washa modi ya gemu kwenye tivii, halafu RetroArch, programu inayoweka emyuleta nyingi mahali pamoja, ina kitu kinaitwa run-ahead kinachopunguza kuchelewa kwa kupiga hesabu ya fremu kabla hazijafika. Anza na fremu 1, ukizidisha picha inaanza kurukaruka.